Njia za Wakimbiaji wa Kakamega

Mtu atakaye kuujua mji hana budi kuuzunguka kwa miguu yake. Apitaye ndani ya gari huona mapaa ya nyumba na mabango ya maduka, kisha husahau; lakini apitaye kwa miguu huona mawe, mashina ya miti, vivuko vya mito na pembe za viwanja, naye huanza kujiuliza maswali. Kwa nini barabara hii yapinda hapa badala ya kunyoka? Kwa nini mtaa huu una bustani pana, na ule wa pili hauna hata kiwanja cha watoto kuchezea? Ni nani aliyekanyaga njia hii kwanza, naye alikuwa akienda wapi? Maswali kama hayo ndiyo mwanzo wa elimu ya historia.

Katika mji wa Kakamega, magharibi ya Kenya, wako watu wengi ambao huamka kabla ya jua kuchomoza wakapiga mbio za polepole kwa ajili ya afya zao. Mji huu umeinuka mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya alfajiri ni baridi na safi. Mvua nyingi ya Kakamega aghalabu hunyesha mchana na jioni, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya mkimbiaji. Udongo ni mwekundu, nao hushika viatu baada ya mvua. Insha hii yataka kuzifuata njia zikimbiliwazo na watu hao, kupitia bustani na mitaa ya kale ya mji, na kueleza mambo yaliyotendeka juu yake. Msomaji atakapofika mwisho ataona ya kuwa mbio zenyewe zina historia, na ya kuwa uhuru wa mtu kukimbia apendapo haukupatikana bure.

Tuanze na zama zilizotangulia mji. Kabla ya Kakamega kuwa kituo cha serikali, jina kubwa katika nchi hii lilikuwa Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, aliyetawala tangu mwaka wa 1882 hata alipofariki mwaka wa 1949. Misafara ya wafanya biashara wa pwani ilifika hapo ikienda Buganda na kurudi. Mwaka wa 1883 alipita Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, na mwaka wa 1885 akapita Askofu James Hannington, ambaye hakurudi tena, kwa kuwa aliuawa Busoga mwaka huo huo. Wote hao walikwenda kwa miguu. Hata barua zilikwenda kwa miguu: kabla ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901, matarishi ndio waliochukua mikoba ya barua kutoka kituo hata kituo, wakipita katika nyika, misitu na mito iliyofurika. Tarishi hakukimbia kwa kupenda. Alikimbia kwa sababu ametumwa, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko hatari aliyoikabili. Mwaka wa 1920 makao ya wilaya, iliyoitwa wakati ule North Kavirondo, yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Hapo ndipo vijia vya wenyeji vilipoanza kupanuliwa kuwa barabara, na wenye maduka wakaanza kujenga kando yake.

Lakini isidhaniwe kwamba wenyeji wenyewe hawakujua mbio ila za kutumwa. Waisukha na Waidakho, wakaao kusini na mashariki ya mji, wana desturi ya kupiganisha mafahali. Siku ya mchezo, alfajiri, fahali hutolewa zizini akasindikizwa njiani na umati wa vijana na wazee, wakikimbia mbele yake na nyuma yake, huku ngoma ya isukuti ikivuma na pembe zikilia. Umati huo huvuka vijiji na barabara hata ufike uwanjani. Desturi hii ilihusiana tangu zamani na heshima wapewazo wazee waliofariki. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Basi mkimbiaji wa leo aendaye upande wa Khayega au Shinyalu siku ya mchezo, akakutana na kundi hilo likimjia mbio, na asimame kando kwa adabu. Hao ndio wakimbiaji wa kale wa nchi hii, naye ni mgeni katika njia yao.

Sasa tuelekee kusini magharibi ya mji, mahali paitwapo Rosterman. Kijana aulizaye kwa nini mtaa wa Waluhya una jina la kigeni namna hiyo atajibiwa kwa neno moja: dhahabu. Mwaka wa 1931 mlowezi mmoja aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu katika eneo la Kakamega. Habari zilienea upesi mno. Huo ulikuwa wakati wa dhiki kuu ya uchumi duniani; bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka, na walowezi wengi walikuwa na madeni yasiyolipika. Mamia ya Wazungu wakamiminika Kakamega na mahema, majembe na karai za kuchekechea mchanga wa mito. Nchi iliyokuwa ya mashamba ya mtama, wimbi na ndizi ikachimbwa mashimo, na vigingi vya mipaka vikapigwa hata karibu na milango ya watu.

Hapa yafaa msomaji asikilize kwa makini, maana jambo lililofuata ni kubwa kuliko dhahabu yenyewe. Mwaka wa 1930 serikali ya koloni ilikuwa imetunga Sheria ya Dhamana ya Ardhi ya Wenyeji. Sheria hiyo iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika itakuwa yao milele. Na kwamba kipande chochote kikiondolewa kwa haja ya umma, Baraza la Wenyeji litashauriwa kwanza, na ardhi nyingine yenye thamani sawa itatolewa badala yake. Ahadi ilikuwa haijatimiza miaka mitatu. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ilibadilishwa kwa haraka, ili ardhi yenye madini iweze kuondolewa pasipo kulishauri Baraza, na mwenye shamba alipwe fedha tu badala ya ardhi. Watu wa Kakamega walilalamika. Huko Uingereza pia sauti zilipazwa, mojawapo ikiwa ya Lord Lugard, ambaye mwenyewe alikuwa mtawala mashuhuri wa makoloni, kwamba serikali imevunja neno lake. Hata hivyo uchimbaji uliendelea. Hofu ya kupoteza ardhi ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya wenyeji waunde chama cha siasa, North Kavirondo Central Association, katika miaka hiyo ya 1930. Hivyo twaweza kusema kwamba katika mashimo ya dhahabu ndimo siasa ya nchi hii ilimochimbuliwa.

Wachimbaji wadogo hawakudumu. Dhahabu ya juu juu ilikwisha, nao wakatawanyika. Makampuni yenye mitambo ndiyo yaliyobaki, na kubwa kati yake ni Rosterman. Maelfu ya Waafrika walifanya kazi katika migodi hiyo. Asubuhi walishuka njia hii hii ashukayo mkimbiaji wa leo, wengine wakitoka mbali, na aliyechelewa alikuwa hatarini kukosa ujira. Hizo nazo zilikuwa mbio, mbio za riziki. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952. Wazungu waliondoka, mitambo ikanyamaza, lakini jina lilibaki. Na mashimo nayo yalibaki. Hata baadaye, wanaume kwa wanawake wa kando ya mji waliendelea kuchimba na kuosha mchanga kwa mikono ili wapate chembe za dhahabu. Kwa hiyo apigaye mbio upande huo asiache njia iliyozoeleka akajitosa katika majani marefu, kwani shimo la zamani halina bango la onyo.

Turudi kati ya mji. Kila mji wa Kenya uliojengwa zama za ukoloni uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa mahali palipoinuka penye miti na bustani. Wahindi walikaa karibu na maduka yao. Waafrika waliajiriwa mjini, lakini hawakutakiwa wakae humo kama wenyeji. Kakamega nayo ina mtaa uitwao Milimani, kama Kisumu na Nairobi, na ina klabu ya michezo yenye kiwanja cha gofu. Majani yake yalikatwa vizuri, na mtu mweusi aliyeonekana juu yake siku zile alikuwa mtumishi abebaye vyuma vya kuchezea vya bwana wake. Tukumbuke pia kipande, ile hati iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo mwanamume wa Kiafrika alilazimika kuichukua kila atokapo katika hifadhi yake kutafuta kazi. Mtu wa namna hiyo angethubutuje kukimbia alfajiri katika mtaa wa mabwana? Angedhaniwa mwizi, na kabla hajaeleza kwamba ananyosha viungo tu angekwisha kukamatwa. Leo mwalimu, karani, mwuguzi na mwanafunzi hupita Milimani wakihema chini ya miti ile ile, wala hapana awaulizaye kitu. Jambo hilo laonekana dogo kwa aliyelizaliwa nalo. Babu zake hawakulipata.

Shule nazo zilifanya kazi yake. Mwaka wa 1932, wakati wa ile haraka ya dhahabu, shule ya serikali ya Waafrika ilianzishwa Kakamega, nayo leo ni Shule ya Kakamega, mashuhuri sana kwa kandanda. Viwanja vya shule vilikuwa mahali pa kwanza ambapo vijana wengi wa Kiafrika walipewa ruhusa, tena walihimizwa, kukimbia kwa ajili ya kushindana tu. Katika nchi nzima mambo yakapanda ngazi kwa ngazi. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka wa 1951. Kenya ikapeleka wanamichezo wake wa kwanza katika Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956. Mwaka wa 1964 kule Tokyo, Wilson Kiprugut Chuma akapata nishani ya kwanza ya Olimpiki ya nchi hii, katika mita 800. Na mwaka wa 1968 kule Mexico, Kipchoge Keino na Naftali Temu wakarudi na dhahabu. Wanawake walicheleweshwa, kwani watu wengi walishika kwamba mbio za msichana ni za kisimani na kuni. Sabina Chebichi akapata nishani ya shaba katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka wa 1974, na Pamela Jelimo dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2008, ya kwanza kwa mwanamke wa Kenya. Sifa nyingi za mbio ndefu zilikwenda kwa watu wa Bonde la Ufa; lakini nchi ya magharibi nayo ilipata fahari yake tarehe 18 Septemba 2021, pale Ferdinand Omanyala, mzaliwa wa Bungoma, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 huko Nairobi. Uwanja wa Bukhungu, ambao ni uwanja mkubwa wa Kakamega, umejengwa upya katika miaka ya serikali ya kaunti, na waanzao mbio zao hapo wana haki ya kuziota ndoto za namna hiyo.

Hata hivyo, wengi wa wakimbiaji wa asubuhi hawatafuti nishani. Mbio za polepole kwa ajili ya afya ni jambo la juzi duniani. Katika mwanzo wa miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa riadha wa New Zealand, Arthur Lydiard, aliwahimiza watu wa makamo, hata wenye ugonjwa wa moyo, wakimbie taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza njiani. Bill Bowerman, mwalimu wa Marekani, aliyaona mambo hayo alipomzuru, akayaeneza kwao, na kutoka huko yakaenea ulimwenguni. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hata 300 kwa wiki. Wazee wetu hawakuhitaji shauri hilo, kwa kuwa jembe, kuni na safari ya soko ziliwatosha. Lakini akaaye kitini mchana kutwa na kupanda pikipiki jioni hana budi kuutafuta kwa makusudi mwendo ambao babu yake aliupata pasipo kuutafuta.

Apitaye katikati ya mji hukutana na Bustani ya Muliro. Jina hilo ni la Masinde Muliro, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza waliochaguliwa kwa kura kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi wa Machi 1957, ambaye katika uzee wake alisimama tena kudai siasa ya vyama vingi, akafariki mwaka wa 1992. Chuo Kikuu kilichoko kando ya barabara ya Webuye chachukua jina lake pia, na wanafunzi wake ni miongoni mwa wakimbiaji wa mji. Yafaa kuuliza: bustani ya mji ina faida gani? Haitoi mahindi wala haitozi kodi ya nyumba. Ndiyo sababu katika miji mingi wako waitazamao kwa jicho la tamaa. Mwaka wa 1989 lilitokea shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari Maathai akalipinga, akatukanwa, lakini jumba halikujengwa. Mwezi wa Januari 1999 alipigwa akiutetea msitu wa Karura usigawanywe kwa wajenzi. Leo maelfu ya watu hukimbia na kutembea katika njia za Karura chini ya miti aliyoitolea damu. Mahali pa wazi pa mji hapajilindi penyewe. Hulindwa na watu wapatumiao na walio tayari kusema.

Mwenye pumzi zaidi hutoka mjini akashika barabara ya Kisumu hata Ilesi, ambapo jiwe liitwalo Ikhonga Murwi, yaani Jiwe Liliaio, husimama juu ya kilima. Ni nguzo ya mwamba mrefu, urefu wake ukiwa kama mita 40, yenye jiwe juu yake mfano wa kichwa, na maji hutiririka usoni mwake kama machozi. Hadithi nyingi zimesimuliwa juu ya kilio hicho. Mkimbiaji na asimame hapo apumzike, lakini aangalie nyuma na mbele kabla ya kuvuka, kwa sababu magari na bodaboda huenda kwa kasi, na barabara zetu nyingi zilijengwa kana kwamba mwenda kwa miguu si mtu.

Upande wa mashariki wa mji uko msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho katika Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua uliotoka Kongo. Eneo lake ni kilomita za mraba 240 hivi. Uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka wa 1933, na mwaka wa 1985 sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa. Humo muna mbega na kima, muna ndege zaidi ya aina 300, na miti mikubwa kama mutere. Njia zake zina kivuli na udongo laini, jambo zuri kwa magoti. Mkimbiaji apandaye kilima cha Lirhanda huuona msitu wote chini yake, na mwisho wa msitu huona mashamba yaliyobana kwa wingi wa watu. Hapo ataelewa shida yetu: watu wahitaji ardhi, na msitu wahitaji kubaki. Asiyeuona msitu kwa macho yake ataamua jambo hili kwa wepesi. Aliyepita ndani yake ataamua kwa uangalifu.

Wala swali la dhahabu halijafungwa. Mwaka wa 2020 kampuni ya Shanta Gold iliununua mradi wa utafutaji wa dhahabu wa magharibi ya Kenya kutoka kampuni ya Barrick, na dhahabu nyingi imegunduliwa chini ya vijiji vya Isulu na Bushiangala, si mbali na mji. Basi lile swali la mwaka wa 1932 limerudi mlangoni: mwenye shamba atashauriwa kwa kweli? Atapewa nini badala ya makaburi ya wazazi wake na njia aliyoizoea? Tofauti ni kwamba leo watoto wa nchi wenyewe ndio watungao sheria, na Katiba ya mwaka wa 2010 yawataka wawasikilize wananchi. Wakivunja ahadi, hawatakuwa na mgeni wa kumlaumu.

Hivyo ndivyo njia za Kakamega zilivyo. Tarishi alizikimbia kwa amri, mchimba dhahabu akazikimbia kwa njaa, na vijana wa fahali wakazikimbia kwa furaha na kwa heshima ya wafu. Wewe kijana usomaye, ukipata nafasi, zikimbie kwa hiari yako, polepole, ukijua jina la kila mahali upitapo na sababu ya jina hilo. Njia isiyopitwa huota majani, na iotayo majani hupata mwenyewe upesi.